Nani Atapiga Magoti Kando ya Alhaji

Ibadan, wodi ya mifupa
3 Machi 1997

Mulikat,

Nimeamka salama, ahsante kwa kutouliza. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumbani iko sebuleni, kila nikipiga anapokea mume wetu Alhaji, na mengine ninayotaka kukuambia wewe si ya masikio yake. Barua hii ataileta dereva Sule wa magari ya Iseyin. Usimpe kitu, nimeshamalizana naye.

Habari yangu ni hii. Ile nyonga ya chuma niliyowekewa zamani, baada ya seli mundu kuua kichwa cha mfupa wa paja langu, imelegea. Daktari Adegoroye amenionyesha picha. Chuma kipo, kinang'aa. Mfupa uliokuwa umekishika ndio haupo. Anasema kikombe cha plastiki kilikuwa kikisagika kidogo kidogo kila nilipotembea, na ule unga wake ndio uliofanya mwili uanze kuula mfupa wake wenyewe. Miaka yote hiyo, kimya kimya. Nikamuuliza, mbona sikuumwa? Akasema, "Mama, ndiyo maana tulikwambia urudi upigwe picha hata kama huumwi." Sasa nani anakwenda hospitali akiwa mzima? Mimi nilikuwa nacheza kwenye harusi zote za Iseyin! Nikamjibu kikulacho ki nguoni mwako. Akacheka. Sikumwambia kwamba niliposema hivyo nilikuwa nakufikiria wewe.

Haya, sikiliza. Kiti changu cha barazani hakikaliwi. Alhaji hali ugali wa amala uliolala. Ile lesi yangu ya kijani iko kabatini na nimeikunja kwa namna ninayoijua mwenyewe, kwa hiyo ikiguswa nitajua. Na zamu zangu za usiku ni zangu hata nikiwa Ibadan. Alhaji alale chumbani kwake peke yake. Usijifanye hukusoma hapo.

Wiki ijayo wananipasua.

Mimi mkubwa wako,
Mama Ganiyu


Iseyin
6 Machi 1997

Bi Mkubwa wangu,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, yote mawili, mpaka chini, kama mke mdogo anavyofunzwa kwao.

Nyumbani kuzuri, tena kuzuri kupita kiasi. Kiti chako hakikaliwi ila na paka, naye nimemsomea barua yako. Amala inapikwa ya moto, na mlenda wa ewedu wa siku hiyo hiyo. Juu ya zamu zako, nilimwambia Alhaji alale peke yake kama ulivyoagiza. Akaniuliza tangu lini nimeanza kumpangia. Sasa mimi ni nani hata nibishane na mume?

Kuna habari kubwa, na naona hakuna anayethubutu kukupa, basi nakupa mimi. Wazee wa msikiti wamemchagua Alhaji awe Baba Adini, baba wa dini wa mji mzima. Atafungwa kilemba Jumapili ya pili baada ya Ileya, Idi yetu ya kuchinja, tarehe ishirini na saba Aprili, tukishamaliza nyama ya kondoo. Mambo yenyewe unayajua kuliko mimi: mke anapiga magoti kando ya mumewe, Imamu anamfunika kitambaa cheupe, na tangu siku hiyo mji mzima unamwita Mama Adini. Akipita, wanawake wanainuka. Mke ni mmoja tu. Wazee hawaangalii nani aliolewa kwanza, wanaangalia nani yuko pale chini.

Wewe pumzika, Bi Mkubwa. Nyonga si kitu cha kuharakisha. Magoti ya kupiga yapo.

Wako mdogo,
Mulikat


Ibadan
24 Machi 1997

Mulikat,

Nimepasuliwa na niko hai. Pole sana.

Daktari anasema hajaona mgonjwa kama mimi. Kidonda kimefunga vizuri. Ikifika Ileya nitakuwa natembea kama mwali. Nilimuuliza waziwazi habari za kupiga magoti, akasema hakuna tatizo lolote, hata kuchuchumaa nikitaka. Kwa hiyo usijisumbue kushona nguo.

Alhaji yuko hapa kila wiki, siku tatu. Anakaa kando ya kitanda changu na wembe wake, ananimenyea machungwa. Ganda linatoka zima, refu, halikatiki, kisha anakata juu ananipa ninyonye. Wodi nzima inatutazama. Jana nesi mmoja aliniuliza, "Mama, mume huyu ulimpata wapi?" Nikamwambia nilimpata akiwa hana hata kiti cha kukalia mbele ya kitanda cha kufumia. Nikaona nikuandikie na wewe ufurahi.

Wiki ijayo nahamia kwa binti yangu Risikat, hapa hapa Ibadan, mpaka siku ya kilemba.

Mama Ganiyu


Iseyin
31 Machi 1997

Bi Mkubwa wangu,

Nakusalimu magotini, maana mmoja wetu lazima aweze.

Hongera kwa kudanganya, una kipaji. Ila umesahau kwamba Alhaji akirudi huku ana mdomo. Amenieleza yote, kwa mikono yake miwili, pale barazani. Walipong'oa chuma cha zamani walikuta shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Mfupa wako wa kushikilia chuma kipya haukuwepo. Daktari akachukua mifupa ya watu wengine, vile vichwa vya paja wanavyotolewa wagonjwa wanaowekewa nyonga, wenyewe wakiwa wameridhia. Ilikuwa imepimwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu la barafu. Akaivunjavunja kama kokoto, akaishindilia ndani ya shimo kwa nyundo, tabaka juu ya tabaka, kama babu zetu walivyoshindilia ukuta wa udongo. Ndipo akaweka kikombe kipya juu yake.

Na hiyo mifupa haina uhai, Bi Mkubwa. Ni mfupa wako unaotakiwa uingie humo taratibu, uikamate, uifanye yake. Miezi mitatu, mguu unagusa sakafu tu, haubebi mwili. Kuchuchumaa hapana. Magoti hapana. Ukiulemea kabla haujashika, kokoto zote zinadidimia na kikombe kinaondoka nazo. Na ikifika kupasuliwa mara ya tatu, daktari alimwambia Alhaji nje ya mlango, huenda pasiwe na mahali pa kufungia chochote. Utabaki na mguu unaoning'inia.

Alipofika hapo Alhaji alilia. Mbele yangu! Miaka yote ya ndoa sijaona chozi la mwanamume yule. Nami nikakaa pale nasaga meno, maana nilipomzaa Taofiki kwa kupasuliwa alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza mtoto ana kilo ngapi. Chungwa? Hata la kuokota sikuliona. Leo unaniandikia ganda halikatiki.

Basi na mimi nikuandikie la kwangu. Nguo nimeshashona. Aso-oke ya kufumwa, nyekundu iliyoiva, na gele yake ya kufunga kichwani. Nitapiga magoti mimi.

Mulikat


Ibadan, kwa Risikat
14 Aprili 1997

Mulikat,

Kata usemi.

Unajua nini wewe kuhusu magoti? Umekuja kwenye nyumba ile umekuta zulia. Mimi nilikuta vumbi. Alhaji alipokuwa akifuma kwenye kibanda cha watu, mimi ndiye niliyekuwa nachovya nyuzi kwenye nili mpaka mikono ikawa ya buluu hadi kwenye viwiko. Kila mchana nilimpigia magoti kwenye kokoto za kibanda kile nikampa maji, mbele ya wanagenzi wenzake, ili wajue kwamba mtu yule ana mke na anaheshimiwa. Kwa damu hii yangu mbovu, kila mtoto niliyemzaa nilikaribia kumfia. Magoti yangu yalikuwa meusi kama masufuria.

Na nyonga ilipoanza kuniuma, nikawa siwezi kuinuka nikishachuchumaa, nani alikuja kwenu kukuposa? Si Alhaji. Ni mimi, na kola zangu za posa kwenye kikapu, nachechemea. Nilidhani naleta msaidizi.

Nakuonea wivu, Mulikat. Haya, nimesema, ufurahi. Ukichuchumaa kumwekea bakuli na ukainuka bila kushika ukuta, natamani nikurushie kitu. Unapanda ngazi huku unaimba. Unalala ubavu unaoutaka. Mimi kila nikigeuka kitandani namwomba Mungu kwanza. Vyote hivyo umevipata bure, sasa unakitaka na kitambaa cheupe?

Hiyo habari ya mara ya tatu ni ya kwako. Daktari ameniambia niwe mwangalifu, basi. Hakuniambia habari ya mguu kuning'inia. Umeipika wewe ili unitie hofu nibaki huku, na chumvi umezidisha.

Nakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Jumapili nitashuka kando ya mume wangu mpaka chini kabisa. Ikivunjika na ivunjike.

Mama Ganiyu


Ibadan, kwa Risikat
29 Aprili 1997

Mulikat,

Sijui nikuite nani sasa. Bondia?

Tangu juzi najaribu kuelewa na sielewi. Imamu ameita, "Mke wa Baba Adini!" Nimeshampa Risikat magongo yangu. Nimeshika bega la Alhaji, goti limeanza kukunjika. Nakuona unakuja na aso-oke yako nyekundu, nikajua basi, ananiwahi huyu. Badala ya kushuka ukanizunguka nyuma, ukapitisha mikono chini ya makwapa yangu, ukaninyanyua kama gunia la mihogo! Nikakupiga kiwiko hukuachia. Nikakuuma mkono hukuachia. Gele yangu ikaanguka, kichwa wazi mbele ya wazee. Wanawake wakaanza kupiga yowe, "Wake wa Alhaji wanapigana! Wake wa Alhaji!" Hata wapiga ngoma waliacha wakaja kutazama.

Imamu wa watu akasoma dua mbio mbio, akamalizia kilemba cha Alhaji kikiwa kimeegemea sikio. Kile kitambaa cheupe alikikunja akakirudisha mfukoni. Na nimesikia wazee walivyosema: nyumba ile haina Mama Adini mpaka wanawake wake wapate adabu.

Lo! Mulikat! Kama ulitaka kupiga magoti si ungepiga? Ungenisukuma pembeni, ukashuka, ukafunikwa, yakaisha. Ningekuchukia kwa raha zangu, na ningeelewa. Lakini umenishikilia mji mzima uone kwamba sijiwezi, umenikosesha mimi, na umejikosesha mwenyewe. Huo ni wivu gani, usiotaka hata faida?

Alhaji amenirudisha kwa Risikat jioni ile ile.

Nijibu. Na usinisalimu kwa magoti, nisije nikaichana barua.

Mama Ganiyu


Iseyin
4 Mei 1997

Bi Mkubwa,

Leo nimekaa kwenye kiti. Nimekaa kwenye kiti chako, nakwambia mapema. Naandika polepole kwa sababu mkono uliouuma umevimba. Meno yako hayana ugonjwa.

Unauliza kwa nini. Wallahi nilikuja kukuwahi. Nilikuwa nimejizoeza chumbani, nashuka na kupanda nikijitazama kwenye kioo, naangalia gele isipinde. Imamu alipoita nilitoka haraka kwa sababu nilijua wewe utashuka polepole.

Halafu nikamtazama Alhaji. Imamu alikuwa anamzungushia kilemba kichwani naye hamwangalii Imamu, hauangalii umati. Anauangalia mguu wako. Midomo inamcheza, anaomba Mungu, amekunja uso kama ile siku aliyolia barazani. Angekuzuia, lakini mwanamume atamwambiaje mkewe asimpigie magoti mbele ya wazee? Wangesema anamkataa. Akabaki amekauka pale.

Nikaona kila kitu. Ukivunjika, mtu huyu anakubeba leo hii na kilemba chake kichwani, anakupeleka Ibadan, na mimi ndio nimemkosa. Atakaa kando ya kitanda chako na wembe wake mpaka azeeke. Kila mkoba wa machungwa utakaoteremshwa stendi utapita kwenda kwako. Nami nitakuwa Mama Adini, naam, wanawake wanainuka nikipita, kisha narudi kulala kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikakushika. Na nikishakushika ningekuachiaje? Ungeanguka.

Usije ukadhani nilikuhurumia. Sikukuhurumia hata chembe. Nimekuonea wivu tangu siku nilipoletwa, na si kwa ukubwa wako, ni kwa ugonjwa wako. Wewe ukikohoa nyumba nzima inasimama. Mimi ni mzima, na mtu mzima haulizwi ameamkaje. Nachota, nasonga, nafagia, nainuka bila kushika ukuta, na hakuna jicho linaloniona isipokuwa lako, nalo linataka kunirushia kitu.

Kwa hiyo pona. Pona kabisa, asiwe na sababu ya kwenda huko. Nataka tugombane tukiwa wote tumesimama.

Na habari ya mara ya tatu sikuipika. Mbane daktari mwenyewe, mwambie wewe ndiye mwenye nyonga.

Mulikat


Ibadan, kwa Risikat
16 Juni 1997

Mulikat,

Nimembana. Nilikataa kushuka kitandani pake mpaka aseme. Ni kweli, yote. Akasema walidhani ni vizuri aambiwe mume kwanza nisije nikakata tamaa. Nikamwambia mume hatembei kwa nyonga yangu.

Kisha akaniwekea picha ukutani, ile ya mwezi wa tatu na hii ya leo. Ile ya kwanza zinaonekana kokoto, moja moja. Hii ya leo ni mfupa. Kikombe hakijasogea hata unene wa uzi. Ameninyang'anya magongo, amenipa mkongojo mmoja. Kutembea nitembee. Kiti kiwe cha juu. Magoti juu ya mto, pengine mwakani, nikishikwa. Kuchuchumaa na kukalia visigino, basi, maisha yangu yote. Nikalia pale pale. Risikat alidhani ni furaha, akaanza kupiga vigelegele kwenye ukumbi wa watu wagonjwa.

Barua yako ya mwezi uliopita nimekaa nayo. Mara mbili nimechukua kalamu nikushukuru, mara mbili mkono umekataa, nami sikuulazimisha.

Ijumaa nakuja nyumbani moja kwa moja. Zamu zinaanza upya, na mbili za kwanza ni zangu. Hilo nalo nilimuuliza daktari, ameruhusu, isipokuwa aliona haya akawa anazungumza na dirisha. Kwa hiyo toa vitu vyako chumbani, na uinuke kwenye kiti.

Alhaji nimemwambia kwamba na wewe una mdomo unaoweza kunyonya chungwa. Alinitazama kana kwamba nimemwambia una mkia. Huenda akajifunza, huenda asijifunze, mimi sehemu yangu nimemaliza.

Liko jambo moja ambalo nakuomba, na ujue sijawahi kukuomba kitu. Usimwambie mtu yeyote ulinishikia nini siku ile. Wakijua, kila nikikatiza sokoni watasema, mwoneni yule, anatembea kwa hisani ya mke mwenzake. Hilo siliwezi, Mulikat. Mguu huu ukiuma nitavumilia, hilo sitavumilia. Afadhali mji uendelee kusema tulipigana.

Mama Ganiyu


Iseyin
18 Juni 1997

Bi Mkubwa wangu,

Chumba nimekifagia. Vitu vyangu nimetoa, nimeacha mto mmoja wa kuwekea mguu. Kitanda nimemwita fundi akakiinua.

Jana kwenye soko la nyuzi, wanawake wamejaa, Mama Sikiru akaniita kwa sauti ili wote wasikie. "Mulikat, siku ile ya kilemba, hivi aliyeshinda ni nani?"

Nikapandisha mkono wa blauzi yangu ya buba, nikawaonyesha alama za meno yako. Nikawaambia umenishinda wewe.

Mulikat